Miaka Thelathini na Mmoja Kando ya Meza: Wasifu wa Marehemu Triza Ayuma Wathome

Padre, ndugu wa Jumuiya yetu, majirani wa mtaa wa Tena, na wenzetu mliofunga vibanda Gikomba leo ili mje hapa. Wasifu wa kwanza wa marehemu uliandikwa na binti yetu Kathini. Ulikuwa nusu ukurasa, mzuri, na haukumlaumu mtu yeyote. Niliusoma nikaurarua. Kathini alininunia siku nzima, na ilikuwa haki yake. Lakini mimi Wathome, mume wa marehemu, kuna jambo ninalolijua ambalo ile nusu ukurasa ingelificha, nami nimechoka kulificha. Padre ameniruhusu nisome kabla Misa haijaanza. Nitajitahidi kusema "marehemu" na "mume wake" kama ilivyo desturi. Nikishindwa, mtanivumilia.

Marehemu Triza Ayuma alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970 huko Shianda, karibu na Mumias, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Javan Wesonga na mama Khavere, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwezi uliofuata. Komunio ya kwanza aliipokea Jumapili tarehe 21 Juni 1981, akiwa na miaka kumi. Ndugu zake waliokaa hapo mbele wanaikumbuka siku hiyo vizuri. Alitoka kanisani akiwa amefunga mdomo, wakadhani jino linamuuma. Wageni walikuja nyumbani, kuku akachinjwa, mtoto hasemi. Baba yake alianza kuuliza kama amelogwa. Jua lilipozama ndipo akafungua mdomo, akawaambia, "Yesu alikuwa ameingia. Ningeongea ningemfungulia mlango atoke." Walimcheka hadi akalia. Naomba mlikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi pale kijijini na alikuwa katika darasa la kwanza kabisa kufanya mtihani wa KCPE, mwaka 1985. Alipita, lakini nafasi ya sekondari alipewa kaka yake. Hakuwahi kunung'unika juu ya hilo mbele yangu. Alijifunza ushonaji kwa masista kwa miaka miwili, 1986 na 1987, na cheti chake kilikaa ukutani nyumbani kwetu hadi wiki jana.

Mwaka 1988 alikuja Nairobi kwa shangazi yake, Pumwani, akaajiriwa katika kiwanda cha mashati. Kazi yake ilikuwa vifungo. Kuanzia asubuhi hadi jioni, vifungo tu. Mwaka 1997 aliacha kiwanda, akanunua cherehani yake na kufungua kibanda Gikomba, akirekebisha mitumba: kupunguza suruali, kubana gauni, kubadilisha zipu. Wateja wake walimpenda kwa sababu hakusema uongo. Mtu akileta koti bovu alimwambia, "Hili rudisha ulikolitoa, mimi si daktari wa maiti." Na kwa miaka kumi na minane alifua vitambaa vya altare vya kanisa hili bila kukosa hata wiki moja, mpaka ugonjwa ulipomkataza.

Marehemu alikutana na mume wake mwaka 1993. Mume wake alikuwa mchonga vinyago, na karakana yake ilipakana na chumba cha shangazi. Jumapili moja asubuhi mchongaji alikuwa akigonga kifaru, na shangazi alikuwa anasali rozari. Triza alitoka nje na kanga begani. "Wewe fundi! Hata Mungu alipumzika siku ya saba. Wewe nani amekutuma?" Nilikosea pembe ya kile kifaru, nikamuuzia mzungu kama kiboko. Mwaka 1994 wazee wa Shianda na wa kwetu Mbooni walionana, wakakubaliana, tukaanza kuishi pamoja. Ya kanisa tulisema tutayafanya baadaye. Mimi nililelewa katika kanisa la Kiprotestanti la AIC, ingawa wakati huo nilikuwa sisali popote.

Mlio Wakatoliki mnajua neno hilo "baadaye" lina maana gani. Ambao si Wakatoliki niwaeleze, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa nikiwa mzee. Mwanamke aliyeolewa kienyeji, ndoa yake haijabarikiwa, haendi kupokea Ekaristi. Anakuja Misa, anaimba, anachanga, lakini watu wakisimama kwenda mbele yeye anabaki. Triza alibaki. Alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, kando ya nguzo, akivuta magoti upande ili wenzake wapite. Alipanga kwamba ndoa ibarikiwe Desemba 1998, na mume wake alikuwa amekubali. Hata suti nilikuwa nimeshapimwa.

Basi Jumapili tarehe 19 Aprili mwaka huo Kathini, mdogo wa mtoto wetu Nzau, alibatizwa humu humu. Mume wa marehemu alikuwa na furaha kubwa. Watu waliposimama akasimama, walipopanga foleni akapanga. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba asiye Mkatoliki hapokei. Alikuwa amebakisha watu wawili afike kwa padre, mikono ameishika kama alivyoona wengine wameishika, ndipo mzee wa kanisa aliyekuwa akisimamia foleni akamvuta shati kwa nyuma. "Wewe hupokei! Rudi ukae!" Kanisa zima liligeuka. Kifungo cha kola kilikatika kikabingirika chini ya mabenchi. Mzee huyo ni Opicho. Yuko pale, shati la samawati. Msimtazame vibaya, ngojeni kwanza.

Mume wake alitoka nje, akarudi nyumbani kwa miguu, na akaapa mbele ya Mungu na mbele ya mkewe. Kanisa hili hakanyagi. Ndoa haibarikiwi. Mpaka Opicho aje kwa miguu yake na kukishona kifungo kile kwa mkono wake. Triza, mwanamke aliyeshona vifungo miaka tisa, alichukua sindano jioni ile akitaka kumaliza maneno. Mume wake alimnyang'anya shati, akalitundika msumarini nyuma ya mlango. Lilikaa hapo miaka ishirini na saba, na tulipohamia Tena mwaka 2001 nililibeba mimi mwenyewe.

Nilijua nani ninamuumiza. Nisiseme sikujua. Kila Jumapili alirudi nyumbani, akavua viatu, akanipikia. Siku moja nilimuuliza kwa kejeli, "Unaenda kufanya nini kwenye karamu ambayo huli?" Akajibu akiwa anakata vitunguu, hakuinua kichwa. "Pale mbele si mkate, Baba Nzau. Ni Mtu. Hata nisipomla, naenda nikae mahali alipo." Nikamwambia huo ni ujinga. Akasema, "Sawa," akaendelea na vitunguu vyake.

Mwaka 2009, mwezi wa tatu, mifereji ya maji mtaani Tena ilikauka siku tano. Marehemu alikuwa amefua vitambaa vya altare. Mnaojua kazi hiyo mnajua kwamba maji ya kwanza hayamwagwi kwenye sinki, kwa sababu huenda kuna chembe ya Mwili wa Kristo iliyobaki kwenye kitambaa. Yanamwagwa udongoni. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, udongo hatuna, kwa hiyo alikuwa amepanda waridi kwenye ndoo ya rangi pale barazani, na maji yale aliyamwaga humo. Siku hiyo aliyaacha ndani ya jagi jikoni, akashuka kutafuta maji ya kunywa. Mume wake alirudi, akaona jagi limejaa maji masafi, akashukuru, akapika chai.

Triza aliingia na mitungi miwili, anahema. Akaliona jagi tupu. Akaiona sufuria. Akaniona mimi na kikombe cha pili na andazi.

"Baba Nzau. Hayo maji umeyatoa wapi?"

"Kwa jagi."

"Jagi gani?"

"Jagi lako! Kwani kuna nini? Si nimeyachemsha?"

Aliketi chini, pale pale sakafuni. Alicheka hadi akashika mbavu, nami nikaanza kucheka bila kujua kwa nini. Kisha nikaona kwamba hacheki tena. "Miaka kumi na mitano," akasema. "Miaka kumi na mitano mimi navuta magoti watu wapite. Na wewe usiyetaka unakunywa na maandazi." Nilimuuliza Padre Wekulo huyu wetu juu ya chai hiyo mwezi huu, akaniambia nitulie, sikupokea, nilikunywa chai. Lakini jioni ile mke wangu alinishika mkono akaniomba, "Twende. Twende Jumatatu hii, tubariki." Na mimi nikatazama msumari nyuma ya mlango. Nikamwambia, "Mwambie Opicho aje na sindano." Hakuniomba tena.

Ugonjwa wake ulianza katikati ya mwaka jana. Ugali ulikwama, kisha wali, kisha chapati iliyolowekwa kwenye chai. Septemba tuliambiwa ni saratani ya umio. Alichomwa kwa mionzi, akapata nafuu, ikarudi. Mwezi wa tatu mwaka huu aliwekewa mpira wa kupitishia chakula tumboni. Kufikia Mei, kitu pekee kilichopita kooni ni maji, tena kwa kijiko. Tarehe 2 Juni daktari alitutoa nje mimi na Kathini, akasema baada ya wiki mbili hata maji hayatapita.

Padre alikuja. Alimwambia Triza kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa Kanisa halimwachi, kuna njia, anaweza kuungama na kupokea hata leo. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni nasikiliza, na sitaficha, nilipumua. Nilidhani nimepona. Triza alitikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. "Nimekaa nje na huyu mwanamume miaka yote. Sasa niingie nimwache mlangoni? Tutaingia wote. Ama nibaki naye." Padre alinitazama. Mimi nikajifanya naosha kikombe.

Ijumaa ndiyo siku ambayo Opicho, ambaye siku hizi ni mhudumu wa Ekaristi, hupeleka Komunio kwa wagonjwa wa jengo letu. Hupita mlangoni petu akienda kwa Mama Nzembi wa ghorofa ya tatu. Kila Ijumaa Triza aliomba ainuliwe kwenye mito, afungwe kitambaa cha kichwa, na mlango uachwe wazi. "Anapita," alikuwa akisema. Hakuwa na maana ya Opicho. Na kila Ijumaa, nikisikia viatu vya Opicho kwenye ngazi, niliinuka nikaufunga mlango. Nimefanya hivyo, ndugu zangu. Nimefunga mlango mbele ya mgonjwa aliyetaka kuona tu.

Ijumaa tarehe 13 Juni nilipoinuka, Kathini alisimama mbele yangu. Mnamjua, ni mtoto mpole. "Baba, mama hali chochote cha sufuria," akasema. "Kimebaki chakula kimoja duniani anachoweza kula, na wewe umekalia kifuniko. Funga huo mlango leo uone kama mimi nitakuita baba tena." Nilimtazama mke wangu. Hakunilaumu hata kwa macho, alikuwa anatazama mlango.

Nikauacha wazi. Nikasimama pale, nimelishika lile shati. Opicho akatokea, mkono kifuani. Nikasema, "Opicho. Ingia."

Opicho hakunijibu. Hakugeuza hata shingo. Alipita akapanda juu.

Jamani! Damu ilinipanda kichwani. Nilimwona tena yule wa mwaka 1998. Nikaushika mlango niubamize, na wallahi kama ningeubamiza leo hii ningekuwa nasoma ile nusu ukurasa ya Kathini. Triza aligonga chuma cha kitanda kwa pete ya kidoleni. Akagonga tena. Niliinama nimsikie. "Amembeba Bwana," akasema. "Akimbeba hasalimii mtu. Ngoja." Nikangoja. Dakika ishirini nilisimama pale nimeshika kitasa, sijui kama atarudi au la.

Alirudi. Alikuwa tayari ametoa huduma, mikono mitupu. "Baba Nzau, uliniita?"

Nikamwambia yote. Ubatizo, foleni, kola, kifungo. Opicho alisikiliza akikunja uso, akifikiri sana. Kisha akasema, "Mimi? Nilikuvuta wewe? Nisamehe, lakini siku zile nilivuta watu wengi. Sikukumbuki."

Hakunikumbuka. Miaka ishirini na saba nimeamka na huyo mtu, nimelala naye, nimemnyima mke wangu kwa sababu yake, na yeye hata hajui jina la siku hiyo. Nilikaa kitandani nikalia mbele ya watu. Opicho alipiga magoti, mzee wa miaka sabini na mbili, akasema, "Nililinda meza nikafukuza aliyealikwa. Lete hilo shati." Alichagua kifungo kwenye mkebe wa Triza, akashona. Alishona vibaya sana. Triza alimtazama, kisha akainua kidole akikizungusha hewani, kumwonyesha kwamba uzi huzungushwa chini ya kifungo kabla ya kukatwa. Opicho akafumua, akarudia. Ilimlazimu kurudia mara tatu, fundi wa kiwandani hakukubali kazi mbovu.

Padre alipata ruhusa ya askofu kwa simu usiku huo huo, na Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, tulifunga ndoa sebuleni kwetu. Mashahidi walikuwa Opicho na Kathini. Triza alikuwa ameshaungama. Padre alimpa kwanza maji matupu kwa kijiko, ajaribu. Maji yakarudi yote. Jirani alikuwa amewasha redio, mtu akaenda kumwomba aizime. Padre akangoja, akamjaribu tena, yakarudi nusu. Kathini alinishika mkono akaufinya, na mimi niliomba kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu. Nilisema, "Mungu, nilichelewesha mimi. Usimwadhibu yeye." Mara ya tatu maji yalipita.

Padre alivunja Hostia. Akachukua kipande ambacho si kikubwa kuliko punje ya wimbi, akakiweka kwenye kijiko cha maji. "Mwili wa Kristo." Triza akasema "Amina" kwa midomo, sauti haikutoka. Akafunga mdomo. Tulitazama koo lake. Liligoma, likatetemeka, jasho likamtoka usoni. Kisha likashuka.

Tulimpongeza, tukamuuliza kama anataka kuinuliwa, kama anasikia maumivu. Hakujibu. Kathini aliogopa, akataka kumwita Padre arudi. Nilimwambia, "Mwache. Hataki kumfungulia mlango." Jua lilipozama nyuma ya majengo alifungua mdomo, nikamwekea sikio. "Nafasi yangu kule nyuma," akasema, "usimwachie mtu." Padre alikuwa ameniambia kijiko kile nikisuuze na maji nisiyamwage ovyo. Nikayamwaga kwenye ndoo ya waridi, kama alivyofanya yeye.

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 17 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, akiwa na miaka hamsini na minne. Ameacha mume, Wathome, wa ndoa ya siku tatu, watoto wawili, Nzau na Kathini, mjukuu mmoja, Ayuma, ndugu watano, na wateja ambao nguo zao ziko kibandani, mje mzichukue. Tutamzika leo Mbooni, na ile ndoo ya waridi iko ndani ya gari pamoja naye.

Sasa Misa itaanza. Wakati wa kupokea, mtakaopanga foleni pangeni. Mimi sitapanga. Nimeanza mafunzo Jumamosi iliyopita pamoja na watoto wa darasa la nne, na katekista amesema nisubiri hadi Pasaka. Nimevaa lile shati. Nitakaa benchi la tatu kutoka nyuma, kando ya nguzo, nivute magoti mpite. Nina njaa, ndugu zangu. Sijawahi kuwa na njaa hii, na sasa najua alikaa nayo miaka thelathini na mmoja.

Mama Nzau, pumzika kwa amani. Nafasi yako nimeishika mimi.